"Ndio Mzee": Vijana wa Kilosa na Mikumi, tutaitikia mpaka lini?

Ndugu msomaji, juzi nilikuwa kijiweni Mikumi, pale barabara kuu ya kwenda Iringa inapoupasua mji katikati. Mimi nasubiri usafiri wa kwenda Kilosa, vijana wa bodaboda wanasubiri abiria. Mmoja akafungulia simu yake muziki ambao wengi pale walikuwa hawajausikia. Gitaa linakwaruza, ngoma zinagonga kama mtu anavunja mlango, na juu yake jamaa anaghani kwa hasira.

Ilikuwa albamu ya mwaka 2004 ya Saul Williams, mshairi Mmarekani mweusi aliyechanganya hip hop, panki roki na mashairi ya kughani. Wengine wakacheka, "Zima kelele hizo!" Mwenye simu akajibu kwa unyonge, "Sisi Bongo hatuna kitu kama hiki."

Hapo ndipo nilipobisha, na leo naendelea kubisha mbele yako.

Hebu tuanze na hiyo panki. London mwaka 1976 vijana wasio na kazi walishika magitaa bila kusubiri kufundishwa wala kupewa ruhusa. Wengine walijua kupiga namna mbili tatu tu, lakini walikuwa na la kusema, wakalisema. Si mambo ya Wazungu peke yao pia: kundi la Bad Brains la Washington ni watu weusi watupu. Panki basi si gitaa. Ni kukataa kungoja ruhusa.

Je, kughani? Marekani walikuwa na The Last Poets, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, mashairi juu ya ngoma. Lakini sisi tulikwishakuwa na ngonjera za Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, majirani zetu hapa. Watu wawili wanabishana kwa beti mbele ya hadhara, na hadhara inajifunza. Leo yupo Mrisho Mpoto. Huo si mtaji mdogo.

Sasa chukua albamu ya Profesa Jay, "Machozi, Jasho na Damu", ya mwaka 2001. Ilipotoka mimi nilikuwa nabebwa mgongoni, lakini nimekua nikiisikia kwenye daladala, saluni na baa. Sikiliza upya ule wimbo wa "Ndio Mzee". Mgombea amesimama jukwaani, anamwaga ahadi zisizotekelezeka hata kwa miujiza, na umati unamwitikia kila anapouliza. Hiyo ni rap, ni ngonjera, na ni panki bila gitaa.

Lakini wengi tuliusikiliza wimbo ule vibaya. Tulimcheka mgombea tu. Hatukujiuliza ni nani aliyekuwa anaitikia. Mgombea mwongo ni mmoja, waitikiaji ni uwanja mzima! Ndugu yangu, katika wimbo ule mimi na wewe ndio tunaochekwa.

Na mimi sijitoi. Msimu mmoja wa kampeni nilipewa fulana, kofia na petroli lita mbili niusindikize msafara kwa pikipiki ya kuazima. Nilipiga honi mpaka kidole kikauma. Mgombea aliuliza, "Maji mnayataka?" nikaitikia. Hakusema maji yatatoka wapi, kwa fedha gani, lini. Petroli iliisha siku ile ile. Fulana ninayo bado, nafutia mnyororo.

Historia ikafanya mzaha wake. Mwaka 2015 aliyetunga wimbo ule, Joseph Haule, alichaguliwa mbunge wa jimbo hili hili la Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA. Vijana tulishangilia: mwenzetu kaingia mjengoni! Lakini Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Sauti iliyokuwa inasikika katika kila daladala ikaingia ukumbini, na redio ikazimwa. Mwaka 2020 kiti kikarudi chama tawala.

Hapa wenzangu wa mageuzi mtanichukia, lakini nasema. Mtu aliyeandika "Ndio Mzee" alitukabidhi fimbo, na fimbo hiyo haichagui mgongo wa chama. Katika miaka ile mitano, wewe uliyempigia kura ulihudhuria mikutano mingapi ukiwa na swali mkononi? Au ulikwenda kupiga naye picha? Ukimpima wa kijani kwa wimbo na wako ukampima kwa urafiki, wewe si mwanamageuzi, wewe ni mwitikiaji aliyebadili fulana.

Wala usiniambie hatuna la kuimba. Desemba 2000 wakulima na wafugaji walipigana wilayani kwetu, na Rudewa Mbuyuni wakauawa watu zaidi ya 30. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo, maelfu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma, inavuka mashamba na milima yetu kwa kasi. Kijana wa Kimamba anapata nini humo zaidi ya upepo wake? Nyimbo za mambo haya ziko wapi? Tunaimba magari ambayo hatuna.

Najua utasema unaogopa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa hapa hapa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Aliachiwa baada ya Rais Magufuli mwenyewe kusema aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mimi najiuliza: ikiwa msanii anatoka mahabusu kwa hisani ya mkubwa, siku mkubwa akiamka vibaya inakuwaje? Haki inayongoja hisani si haki.

Hatari nyingine haina pingu, ina bahasha. Mwaka 2008 wimbo mmoja mkali wa albamu ile ya Saul Williams ulitumika katika tangazo la viatu vya Nike. Kwetu hasira hununuliwa kwa bei rahisi zaidi: jukwaa la kampeni, posho, na ubeti mmoja wa kumsifu mgombea.

Kwa hiyo kijana mwenzangu wa kijiweni, usiniambie hatuna kitu kama kile. Simu unayo, midundo inapatikana, Kiswahili umezaliwa nacho. Rekodi. Taja kijiji, taja mwaka, taja ahadi iliyotolewa na nani aliitoa. Kisha siku msafara utakapopita na mtu akauliza kutoka juu ya gari, "Maji mnayataka?", usiitikie. Muulize yeye: yatatoka wapi, kwa fedha gani, lini?

Akikosa jibu, mrudishie fulana yake.