Lanet na Lugha ya Jeshi

Kila unapozuka mjadala kuhusu utayari wa majeshi ya Kenya, wazungumzaji huhesabu vifaru, helikopta, magari ya deraya na mabilioni ya bajeti. Lugha haitajwi. Ilhali amri huwa neno kabla ya kuwa risasi, na askari aliyeshindwa kulifikisha neno hilo kwa raia aliye mbele yake hayuko tayari, hata akikabidhiwa silaha mpya kabisa. Mahali panapostahili zaidi kuulizwa swali hili ni Nakuru. Upande wa mashariki wa jiji hilo, Lanet, ndiko maafisa wa jeshi hufunzwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya, na ndiko kilikowekwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi kilichopewa hati mwaka 2021. Upande wa magharibi, Njoro, kuna Chuo Kikuu cha Egerton na wanafunzi wake wa Kiswahili. Ni majirani wasioombana chumvi.

Mambo hayakuwa hivi daima. KAR, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, lilikusanya vijana wa makabila mengi, na katika Kenya Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Afisa wa Kiingereza alitakiwa ajifunze lugha hiyo, hata kama alichoishia kukizungumza kilikuwa kile Kiswahili kilichokatwakatwa ngeli ambacho watu walikipachika jina la KiKAR. Wasomi wamezoea kukicheka KiKAR. Wangefaa kukitazama upya, maadamu pamoja na ngeli zake mbovu kilitosha kupokezana amri vitani. Neno afande, lenye asili ya Kituruki na lililofika huku pamoja na askari waliotoka Misri na Sudan, lingali hai kambini na katika vituo vya polisi.

Kisha ukaja Januari 1964, Kenya ikiwa na uhuru wa majuma sita tu. Tarehe 20 askari waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi Jinja, Uganda. Tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, katika batalioni ya 11 ya Kenya Rifles. Malalamiko yalifanana: mishahara duni, na maafisa wa Kiingereza waliosalia katika nyadhifa. Majeshi ya Uingereza yaliitwa kuyazima maasi katika nchi zote tatu. Hadi hapo historia ni moja. Njia zilitengana baadaye. Nyerere alilivunja jeshi lililoasi, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa jeshi jipya, linalojulikana leo kama Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo gwaride lake husikia mguu pande, mguu sawa. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi, ikauhifadhi muundo iliourithi na, pamoja na muundo huo, ikakihifadhi Kiingereza. 

Ajabu ni kwamba oparesheni zenyewe hubatizwa kwa Kiswahili. Mlima Elgon mwaka 2008 ilikuwa Okoa Maisha. Kuingia Somalia mwaka 2011 kuliitwa Linda Nchi. Bonde la Ufa kaskazini, mwaka 2023, ikaja Maliza Uhalifu. Kiswahili huandikwa mlangoni. Ndani, mipango, mafunzo na kanuni ni vya Kiingereza.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya kambini na hayamhusu raia. Katiba ya 2010 inasema vingine. Kifungu cha 241 kinayapa majeshi wajibu wa kusaidia wakati wa maafa, na kinaruhusu yatumwe kurejesha amani ndani ya nchi, Bunge likiidhinisha. Kwa hiyo askari alikutana na wananchi wa Baringo mwaka 2023 na wa Mai Mahiu mwaka 2024, mafuriko yalipowasomba watu usiku. Ni kweli kwamba wapo wazee wa Tiaty wasiokimudu Kiswahili sawasawa; Kiingereza hawakijui kabisa.

Vivyo hivyo Goma, ambako Wakenya walikuwa katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Mashariki mwa Kongo, kwa miongo mingi, Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi na Kiswahili lugha ya raia. Mkenya alifika huko na lugha ya wenyeji kinywani, ila hakuipata jeshini. Aliipata kwa mamake au katika shule ya msingi. Jinsi ya kumsimamisha mtu, kumpekua na kumhoji alifundishwa kwa Kiingereza, akabaki kuitafsiri taaluma hiyo mwenyewe kizuizini.

Hoja kwamba mitambo na mawasiliano ya angani yanahitaji Kiingereza haina haja ya kupingwa. Rubani na aendelee. Pingamizi zito zaidi linatoka Uganda. Idi Amin, aliyelelewa na KAR, alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wananchi wengi walikuwa wakikijua kama sauti ya mtu mwenye bunduki. Chuki ile haikwisha upesi. Lakini Uganda Kiswahili kilitoka kambini kikamkuta raia hana chake. Kenya kipo sokoni, msikitini, kanisani na bungeni. Raia wa Marigat anayeamriwa kwa Kiswahili anaweza kuihoji amri hiyo na, akidhulumiwa, kuirudia neno kwa neno mahakamani. Huenda wakubwa wa jeshi hawaipendi sana faida hii.

Lawama haziwaangukii wanajeshi pekee. TUKI ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Idara za Kiswahili za Kenya zimerundika tasnifu kuhusu wahusika wa riwaya, na msamiati wa ulinzi zimewaachia watangazaji wa redio, wanaoubuni habari zikiwa tayari hewani. Njoro ingeweza kuanza na kanuni za matumizi ya silaha: askari afyatue lini, aonye kwa maneno gani na mara ngapi, nani ahesabiwe mpiganaji na nani raia, majeruhi wa adui atendewe nini. Rasimu ya namna hiyo haivuki kurasa kumi, na wa kuijaribu ni maafisa wanafunzi walioko Lanet, upande wa pili wa jiji.