Ni Nani Ashikaye Ngazi?

Mwaka 1986 washtakiwa wa kesi za Mwakenya walifikishwa mahakamani Nairobi mmoja mmoja, wengi wao bila wakili. Walikuwa wametoka katika vyumba vya mateso vya Nyayo House. Walikiri makosa, wakafungwa. Aliyesimama upande wa Serikali katika nyingi ya kesi hizo ni Bernard Chunga. Septemba 1999, Rais Moi alimtoa katika ofisi ya mashtaka akamfanya Jaji Mkuu.

Hatusemi kwamba mwendesha mashtaka hafai kuwa jaji. Kushtaki ni kazi halali. Mjane wa Kaloleni aliyevunjiwa kibanda anamhitaji mtu wa kumshtaki mwizi. Tunachouliza ni hiki: ni nani aliyeishika ngazi hiyo? Katika zama zile Mwanasheria Mkuu aliyesimamia mashtaka, Kamishna wa Polisi na Jaji Mkuu wote waliteuliwa na mtu mmoja. Mwaka 1988 Katiba iligeuzwa, majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Haukurudishwa hadi 1990, mwaka ambao polisi walitawanya wananchi Kamukunji siku ya Saba Saba. Kesi ya nyani ikiamuliwa na ngedere, mwenye shamba atakwenda kwa nani?

Februari 2003, Rais Kibaki aliunda jopo la kumchunguza Chunga, naye akajiuzulu. Mtu aliondoka, ngazi ikabaki palepale. Ni Katiba ya 2010 iliyoigeuza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma sasa ana ofisi huru, na huhudumu kwa kipindi kimoja cha miaka minane. Anayetaka kuwa Jaji Mkuu huhojiwa hadharani, kisha Bunge humwidhinisha. Ndivyo mwaka 2011 Willy Mutunga, mhadhiri aliyewekwa kizuizini mwaka 1982, alivyokikalia kiti kile kile.

Lakini sheria njema bila macho ya raia ni mlango usio na komeo. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza majina ya waombaji na kuwaalika wananchi watoe maoni. Waumini wa Makongeni, Jericho na Dandora, Pilato alinawa mikono mbele ya umati. Sisi tusinawe yetu. Majina yakitangazwa, yasomeni katika jumuiya zenu. Anayejua jambo la kweli juu ya mwombaji, jema au baya, aliandike, alitie sahihi, alipeleke kabla ya mahojiano. Ngazi hiyo sasa ni yetu kuishika.