Pua Si Mizani ya Virusi

Sisi watu wa mwambao, ndugu msomaji, harufu kwetu ni adabu kabla ya kuwa anasa. Mgeni hupokewa kwa mrashi, bibi arusi hufukizwa udi mpaka nywele zikanukia siku saba, maiti hutiwa kafuri, na mwanamume hatoki kwenda sala ya Ijumaa pasi na kujipaka japo tone la mafuta mazuri. Kwa hivyo maradhi ya korona yalipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, na ikaanza kusemwa kwamba miongoni mwa dalili zake ni mtu kutosikia harufu, sisi hatukulipokea jambo hilo kama watu wa kwingine. Tuliligeuza kipimo.

Nakumbuka Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa amri ya Serikali, Ramadhani imo katikati, misikiti imefungwa, na kupimwa kunaogopwa kuliko maradhi yenyewe. Aliyepatikana nayo alichukuliwa kwenda karantini na mtaa mzima ukajua. Basi watu wakajipima wenyewe majumbani kwa iliki na kwa asumini. Anayesikia harufu akajihesabu mzima, akaenda kumtazama mama yake. Asiyesikia akaambiwa kajaa virusi tele, akakimbiwa.

Mimi niliingia katika hesabu hii ya pili mwezi wa Agosti 2021. Ilikuwa jioni ya Alhamisi, na mke wangu keshaweka chetezo ukumbini kama ilivyo desturi yetu kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikamwuliza mbona leo hakufukiza. Akanikodolea macho. “We bwana, moshi si huo mbele yako?” Moshi nilikuwa nauona. Nikainama juu ya chetezo mpaka macho yakatoka machozi, na puani mwangu hamkuingia kitu.

Jirani yangu, mtu wa makamo ambaye kila jambo ana hakika nalo, alisimama mbali na baraza akanipa hukumu. “Kaka, pua ikifa kabisa jua virusi vimefika kileleni. Vikizidi hapo ni mapafu.” Usiku ule sikulala. Yeye pua yake ilikuwa nzima, anasikia mpaka harufu ya ngarawa zilizotiwa sifa, na baada ya wiki moja ndiye aliyepelekwa hospitali kutiwa oksijeni. Alipona, alhamdulillahi. Juu ya hukumu ile hatujazungumza mpaka leo.

Lakini neno hili la wingi wa virusi lilifikaje barazani kwetu? Nadhani wasomaji watakubaliana nami kwamba limetoka katika UKIMWI. Kwa miaka mingi wenzetu wanaotumia dawa wamekuwa wakienda kliniki kupimwa wingi wa virusi. Kule ni kipimo cha damu, kina namba yake, na dawa ikimezwa sawasawa namba hushuka mpaka virusi visionekane. Korona ilipokuja, neno likahamia huko pamoja na maana yake, walakini mambo haya mawili ni mbali mbali.

Katika korona kijiti hutiwa puani au kooni, kisha mashine ya PCR huvikuza vinasaba vya virusi kwa kuvizidisha maradufu kila mzunguko: 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8. Virusi vikiwa vingi, mashine huviona baada ya mizunguko michache, tuseme 18. Vikiwa vichache, hutaka mizunguko 30 na zaidi. Tofauti ya mizunguko 10 tu ni tofauti ya mara 1,000 na zaidi kidogo. Hesabu ya namna hiyo yaweza kumtia mtu kiwewe, lakini haihesabu mwili mzima. Yahesabu kilichoshikwa na kijiti kile, siku ile. Kijiti kikiingizwa shingo upande, au mgonjwa akichelewa siku chache kwenda kupimwa, namba huwa nyingine kabisa, kwani virusi huwa vingi sana karibu na siku zile dalili zinapoanza, kisha hupungua. Na sisi wa kawaida namba yenyewe hatukupewa. Mimi niliambiwa “unayo”, basi.

Sasa wale matabibu waliozilinganisha namba hizo na pua za wagonjwa, wengi wao hawakuona uhusiano ulio wazi. Walipatikana wenye virusi chungu nzima na pua zao zinafanya kazi, na wenye virusi haba ambao hawatambui karafuu na pilipili manga. Huko Ulaya iliandikwa mapema kwamba waliougua kidogo wakabaki majumbani ndio waliolalamika kupoteza harufu zaidi ya waliolazwa mahututi. (Hapo yataka uangalifu: mtu anayetafuta pumzi, nani atamwuliza habari za waridi?) Kisha mwishoni mwa 2021 ikaja ile aina iitwayo Omicron, iliyoenea kwa kasi kuliko zilizotangulia, na waliokosa harufu wakapungua. Kumbe hata namna ya kirusi ina neno lake katika jambo hili.

Pua hufa kwa nini, basi? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa jibu ambalo wengi hawakulitazamia. Juu kabisa ndani ya pua, karibu na mfupa unaoitenga na ubongo, pana utando mdogo wenye seli za neva zinazonusa. Kandokando yake zipo seli nyingine ambazo hazinusi, kazi yao ni kuzitumikia zile za kwanza: kuzilisha, kuzisafisha, kuzishikilia zisimame. Kirusi cha korona hakiingii seli ila kikute kitasa kinachokubali ufunguo wake, nacho kitasa hicho kiko kwenye seli za utumishi, si kwenye zile zinazonusa. Mwaka 2021 watafiti wa Ubelgiji na Ujerumani wakachunguza pua za watu waliokufa na korona, wakakuta ndivyo.

Msomaji wa kwetu nitamweleza hivi. Bibi arusi yumo chumbani, mzima, hana jeraha. Lakini makungwi wake wote wameugua kwa pamoja. Hakuna wa kumsinga, hakuna wa kumvisha, hakuna wa kumfukiza. Ukumbini watu wangoja, na bibi arusi hatoki. Kuugua kwa makungwi hao hakukwambii nyumba nzima ina wagonjwa wangapi.

Seli za utumishi huota upya, na ndiyo sababu wengi hurudiwa na harufu baada ya wiki chache. Ila si wote. Madaktari waliokusanya chunguzi nyingi pamoja mwaka 2022 walikadiria kuwa watu kama 5 katika kila 100 huendelea na taabu hiyo kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza walichokiona katika vipande vya nyama vilivyotolewa puani mwa watu wa namna hiyo. Virusi vilikuwa vimekwisha ondoka. Waliobaki ni askari wa mwili wenyewe, zile seli za kinga, wanapigana na adui asiyekuwapo, na seli zinazonusa zimepungua. Yaani virusi hapana, na harufu pia hapana.

Hili ndilo lililonisukuma kuandika, maana bado wako watu wanaolipa deni la hukumu za barazani. Namjua mama mmoja ambaye riziki yake ni kutengeneza udi wa sukari. Kazi hiyo yaongozwa na pua: sukari ikiwa motoni, ni harufu inayokwambia iko karibu kuungua, jicho huchelewa. Aliugua mwaka huo wa 2021, homa ikamtoka kwa siku nne, harufu ikaondoka isirudi. Wateja wakanong'onezana kwamba huyu bado kajaa virusi, maana pua yake haijafunguka, na udi wake ukawa haununuliwi. Binti yake akawa ndiye wa kumnusia, na siku binti hayupo, gesi ya kupikia ilivuja jikoni mpaka mpita njia akabisha mlango.

Dawa ya kumeza yenye kuaminika haijapatikana kwa taabu hii. Lipo zoezi, lililoelezwa na Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, kabla korona haijajulikana: mtu anuse harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, huku akiikumbuka kila moja ilivyokuwa. Haliponyi kila mtu, lakini halina madhara na halina gharama kwa watu wa mwambao. Nilipolisoma nilicheka peke yangu. Tatu katika hizo nne zimo jikoni kwetu na kabatini mwa mke wangu, na karafuu tunaletewa kutoka Pemba tangu enzi za babu zetu.

Mimi karafuu ilinirudia kwanza, katika wiki ya saba. Udi ulikawia mpaka Rajabu, mapema 2022. Nilikuwa nimekaa nikifikiria kisa cha Nabii Yaaqub, tulichofundishwa chuoni tungali wadogo, alivyoitambua harufu ya mwanawe msafara ungali mbali, na mke wangu akapita na chetezo. Yule mama angali na vichupa vyake vinne asubuhi na jioni. Limau analisikia, waridi kwa mbali, na kahawa, aniambia, bado yamnukia mpira ulioungua.