Mbwa Aliyelinda Shamba Asitupwe Uzeeni

Ukipanda Vugiri kutoka Korogwe mjini, ukauacha mkonge chini bondeni na kuingia kwenye migomba na chai, utawakuta mbwa mashambani. Hawa hawafugwi kwa pambo. Kazi yao ni kima, nyani na nguruwe pori wanaoshuka kutoka msituni mahindi yakianza kubeba. Nguruwe wakipata usiku mmoja tu wa nafasi, jasho la msimu limekwenda. Mbwa ndiye anayekesha kwenye mvua na ukungu ili mwenye shamba apate usingizi.

Anakesha hivyo miaka sita, saba, minane. Kisha macho yanaingia utando, meno yanakwisha, nyonga zinakataa mlima. Wengine hawasubiri uzee: mtego wa waya uliotegewa nguruwe unakata mguu wa mbwa, au bodaboda inamkanyaga kwenye kona. Hapo ndipo chakula kinapoanza kupungua. Kuna anayepelekwa mbali na kuachwa njiani. Kuna anayewekewa sumu kwenye dagaa. Wengi wanaachwa tu wajitafutie, na jina la mbwa koko wanalipata uzeeni baada ya kuishi na watu maisha yao yote.

Tunasema hilo ni kosa, na kulirekebisha ni jambo ambalo kijiji kinaliweza.

Tuanze na afya, maana ndiyo hoja inayotolewa kila inapotajwa sumu au risasi. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Makadirio ya dunia ni vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa. Lakini kinachokomesha ugonjwa huu ni chanjo, angalau mbwa 70 katika kila 100, tena kwa kurudia. Pemba walichanja hadi ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ulipoingizwa upya kisiwani mwaka 2016 walichanja tena, na kufikia 2018 ukawa umetoweka mara ya pili.

Sasa piga hesabu ya nyumbani. Mbwa mzee aliyechanjwa mwaka hadi mwaka ni kinga ya mtaa mzima. Ukimuua, utaleta mtoto wa mbwa ambaye hajawahi kuona sindano, na kinga ya kijiji imeshuka kwa mkono wako mwenyewe. Kumtunza yule mzee hadi mwisho wake, na chanjo yake ikiwa hai, ni kuwalinda watoto wanaopita njia ile ile kwenda shule.

Wapo watakaosema mbwa ni najisi. Neno hilo lina uzito Tanga na hatulipuuzi. Fikihi inayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu inataka chombo alicholamba kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Haikutaka ateswe. Hadithi za Mtume zinaruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwindia, na zinamtaja mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwa Wakristo, Injili ya Luka inasimulia mbwa waliokuja kulamba vidonda vya Lazaro mlangoni pa tajiri. Hakuna msikiti wala kanisa linalomtuma mtu kumwacha afe njaa kiumbe aliyemtumikisha.

Sheria nayo iko wazi tangu 2008, ilipopitishwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19. Anayefuga ana wajibu wa kutunza, na ukatili kwa mnyama ni kosa.

Tena nchi hii inajua kumstaafisha mnyama. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufunzwa na shirika la APOPO lenye makao Morogoro, alinusa mabomu ya ardhini kule Kambodia hadi akapewa medali ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020. Alipochoka, mwaka 2021, alipumzishwa. Aliendelea kulishwa na kutunzwa hadi alipokufa Januari 2022. Mbwa wa Vugiri hafuati medali, lakini kwa nini asipate hata majivu ya moto ya kulalia?

Maana ndicho anachotaka. Mbwa mzee wa milimani hutafuta jiko. Hujikunja majivuni asubuhi, husikiliza kwa masikio yale ambayo macho hayaoni tena, na hatua za mwenyeji wake zikikaribia mkia unagonga chini mara mbili, tatu, kabla hajajaribu kuinuka.

Hatuombi jengo wala uzio. Usa River, karibu na Arusha, lipo shirika la Mbwa wa Africa linalookoa mbwa na kuwatafutia nyumba. San Francisco, Marekani, kundi la Muttville limefanya hivyo tangu 2007 kwa mbwa wazee pekee, na wale wasio na muda mrefu wa kuishi hupewa familia ya kujitolea imalizie nao siku zao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka Vugiri waichukue: kaya moja, mbwa mmoja. Kaya kumi zenye moyo zikae kama wanavyokaa wana vikoba, ziwe na daftari moja na mchango mdogo wa dawa ya minyoo, dawa ya kupe na chanjo. Chakula si mzigo mkubwa: ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa, kwa asiye na meno. Wa miguu mitatu apewe kaya ya tambarare. Kipofu asihamishwe hamishwe, maana anaijua nyumba kwa kukariri.

Na yule ambaye maumivu yamemzidi, daktari wa mifugo aitwe ampumzishe kwa sindano. Sumu haina nafasi katika mpango huu.

Afisa mifugo wa kata tunamwomba jambo moja. Siku ya chanjo ikitangazwa, mbwa wengi watakaoletwa ni wale wanaoweza kutembea kwa kamba. Atangaze kwamba vilema na wazee nao wanatakiwa. Waletwe kwenye toroli, kwenye tenga, au mabegani kama anavyobebwa mwanakondoo, na wachanjwe wa kwanza ili wasisimamishwe juani.