Usiulize yuko na wangapi, uliza nani yuko nyuma

Dada yangu hunipigia simu kila Alkhamisi usiku. Siku hizi hana habari nyengine isipokuwa moja: mwanawe kanunua pikipiki, na kesho baada ya Alfajiri anatoka. "Anakwenda na nani?" ananiuliza, kama kwamba mimi ndiye katibu wa waendesha pikipiki wa Muscat nzima. Wiki iliyopita nikamwambia nimesikia wako kumi na tano. Nikamsikia anashusha pumzi. "Alhamdulillahi, basi hayuko peke yake."

Yeye akalala. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Najua nitakalosema litawaudhi baadhi ya jamaa zangu wa Ijumaa asubuhi, lakini nishalinyamazia miaka mingi. Kijana aliyepata leseni juzi, akitoka na pikipiki kumi na nne nyengine kwenda Sur, yumo hatarini kuliko angetoka peke yake kwenda Seeb na kurudi. Sie watu wa pamoja. Harusi pamoja, msiba pamoja, hata kwenda ufukweni kuchoma mishkaki ni magari sita na bibi ndani. Mtu akisema anakwenda mahali peke yake tunamtazama usoni, tunadhani ana lake. Ndiyo maana neno "wako wengi" linatutuliza kabla hatujauliza hao wengi wanakwendaje.

Nikupeni kisa kimoja. Miaka kadhaa nyuma tulitoka kumi na nne kupitia Amerat kwenda Qurayyat, ile njia ya milimani yenye kona. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili. Nyuma yangu walikuwa wawili, na wa mwisho kabisa alikuwa kijana mpya, mpole, jaketi bado lina harufu ya duka. Hakuna aliyemweka nyuma. Alibaki nyuma kwa sababu ya adabu, anawapisha wakubwa zake. Tulipofika sheli tukajaza petroli, watu wakavua helmeti, chai ikaagizwa, mmoja anasimulia jambo na sote tunacheka. Hata gilasi za chai zilipokuja ndipo mtu akagundua imezidi moja.

Tulirudi nyuma kilomita kama 15. Tulimkuta kakaa kwenye kivuli cha lori, dereva Mpakistani kamwekea mto mgongoni na anamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Kaiwahi kona kwa kasi, kaenda nje, changarawe ikamchukua. Mtulinga umevunjika, na mkono wa kulia umechubuka kwa vile glavu kaziweka mfukoni. Alhamdulillahi ilikuwa hayo tu. Lakini kitu kilichoniuma mimi ni maneno yake. Aliniambia kwamba alipokuwa amelala pale chini hakuwa na khofu hata kidogo dakika za mwanzo, kwa sababu alijua ana watu kumi na tatu. Akangoja. Akasikia kimya. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Kila mmoja wetu alidhani yuko mtu nyuma yake anayeangalia. Na kweli alikuwepo mtu nyuma, ni yeye mwenyewe.

Watu wengi hawajui kwamba wa mwisho kwenye msururu ndiye anayekwenda mbio kuliko wote. Anayeongoza anaweza kuapa kwamba hakuvuka 100, na akawa mkweli. Chukua mfano wa raundabauti. Wa kwanza kapita, kafungua mafuta, kashika 100 yake. Wa mwisho bado amesimama anangoja magari yapite. Akichelewa nusu dakika tu, mwenzake yuko mbele yake zaidi ya mita 800. Ili amfikie kwa mwendo wa 130 anahitaji dakika moja na nusu na zaidi, kilomita tatu na kitu, na kwenye kona hizo anakwenda kwa mwendo ambao hakuuchagua yeye. Raundabauti ya pili, hadithi ile ile. Kwa hiyo mwenye uzoefu mdogo ndiye tunayempa mbio kubwa zaidi, bila ya mtu yeyote kukusudia.

Tena iko habari ya macho. Ukiendesha peke yako unaitazama barabara: mchanga, mafuta yaliyomwagika, mbuzi, gari inayotaka kutoka kando. Ukiwa kundini macho yanaganda kwenye taa nyekundu ya mwenzako. Akishika breki kwa kuchelewa, nawe unachelewa. Akikosea kona, mnakosea wawili. Zamani tulifundishwa kupanga pikipiki kwa mshazari, huyu kushoto, huyu kulia, sekunde moja kwa aliye upande wa pili na sekunde mbili kwa aliye mbele yako sawasawa, na kwenye kona mnavunja mpango huo na kwenda mmoja mmoja. Mpango mzuri. Lakini ukiwa na pikipiki 15 kwa mwendo wa 100, msururu huo una urefu wa karibu mita 400. Mtu wa mbele hawezi kumuona wa nyuma milimani hata akiwa na vioo vya basi. Na mwenye gari anayetaka kutoka kwenye njia yake ya kutokea atapita wapi, kama si kujipenyeza katikati yenu?

Bado sijalitaja kubwa lao, nalo ni aibu. Kijana wa miaka 22 hawezi kupandisha mkono akasema jamani mimi nimechoka, au mwendo huu siuwezi. Atavunjika kwanza. Mimi nina mvi na bado iliwahi kunishinda: siku moja nilipita wadi ambayo maji yalikuwa yanakata barabara kwa sababu watatu wa mbele yangu walishapita. Ningekuwa peke yangu ningegeuza bila kufikiri mara mbili. Kila mtu hapa Oman anajua wadi inavyochukua gari kubwa seuze pikipiki, na sheria inamuadhibu anayekusudia kuivuka. Nilijua yote hayo. Nilipita.

Wazee wetu wana hadithi mbili za Mtume, rehma na amani zimshukie, kuhusu safari. Moja inamuonya mpandaji asisafiri usiku peke yake. Hiyo dada yangu anaijua vizuri, keshanisomea. Ya pili inasema watu watatu wakitoka safari wamchague mmoja wao awe amiri. Hiyo ya pili husahaulika. Makundi yetu mengi yana jina, yana nembo ya kushona mgongoni, yana grupu la WhatsApp lenye picha za chai ya karak, lakini ukiuliza asubuhi pale kwenye kuegesha nani amiri leo, na nani wa mwisho, kila mtu anacheka. "Tunajuana bwana." Hatujuani. Njia nzima mnafuata mwenye injini kubwa.

Sasa msije mkasema huyu mzee anawatuma watoto wetu jangwani peke yao. La. Mimi ninaendesha peke yangu mara nyingi, na raha yake siifichi. Natoka saa kumi na moja na nusu, napita Bidbid, napanda bonde la Sumail jua linachomoza kwenye miamba, na nikitaka kusimama nasimama. Nikiona wingu jeusi limekaa juu ya milima, narudi nyumbani kula chapati. Hakuna wa kumuomba ruhusa. Muscat hadi Nizwa ni kilomita kama 160, barabara pana, magari hayakatiki, sheli zipo. Ukianguka pale, dakika ya pili utasimamiwa na mtu. Pale siitwi peke yangu.

Njia ya Salalah ni jambo jengine. Kilomita 1,000 hivi, na ukishaiacha Adam hadi Haima, na Haima hadi Thumrait, ni tambarare isiyokwisha. Kila mwaka wakati wa khareef vijana wanataka kwenda, na haki yao, nani asiyetaka kuiona Dhofar ikiwa kijani? Lakini khareef ni kuanzia mwisho wa Juni, yaani unalivuka jangwa katika joto baya kabisa la mwaka ili ufike kwenye baridi. Hewa ikiwa moto kuliko mwili, upepo haupozi tena, unakausha tu. Kijana anafungua jaketi ili apate upepo, kumbe anajichoma. Baada ya saa mbili kichwa kinakuwa kizito, anaanza kusinzia huku macho wazi, na yeye hajijui. Hilo atalijua mwenzake aliye nyuma, akiona pikipiki inaanza kuyumba kidogo kidogo. Pancha ya saa saba mchana mahali pasipo na mti, simu haina mtandao, chupa moja ya maji: hiyo sikutakieni. Halafu usiku ngamia, halafu mwisho wa safari unateremka mlimani kwenye ukungu na manyunyu, lami inateleza kama sabuni. Njia hiyo siendi peke yangu na simshauri mtu yeyote aende peke yake, hata awe na uzoefu wa miaka 30.

Lakini pia sisemi aende na ishirini. Waende watatu, wanne, watano mwisho. Mwenye uzoefu mmoja mbele, mwenye uzoefu mwengine nyuma, na mpya kabisa awe wa pili, nyuma ya anayeongoza, ili mwendo wa kundi uwe mwendo wake. Kila njia panda, mtu asigeuze mpaka amuone wa nyuma yake kwenye kioo. Kanuni hiyo moja ingelifuatwa, yule kijana wa Qurayyat asingekaa pale peke yake na dereva wa lori. Na wakiwa ishirini wajigawe mara nne, waachane dakika kumi, wakutane kwenye kifungua kinywa Sur. Samaki atakuwa yule yule.

Wenzangu wana hoja yao na si ya kudharau. Wanasema taa ishirini zinaonekana, taa moja haionekani. Dereva anayetazama simu atalihisi kundi na hatamhisi mtu mmoja. Kweli kabisa. Na wanasema kundi ni undugu. Hapo siwezi kubisha hata nikitaka. Baba yangu alipofariki, wa kwanza kufika makaburini walikuwa hao hao, na siku tatu za matanga walisimama mlangoni wanagawa kahawa na tende kama wana wa nyumba. Ndiyo maana siwaambii vijana wasijiunge. Undugu huo uko kwenye kahawa, uko hospitalini, uko siku ya kubeba jeneza. Kwenye kona ya mlima kila mtu na breki zake.

Kuna watu wengine wanaoendesha peke yao hapa Muscat, mchana kutwa, Juni na Julai, nao hatuwafikirii: wale vijana wa kutuletea chakula. Mtoto wa mwenzetu wa Kerala au Dhaka anasimama mlangoni na uso umemuiva, tunapokea biriani tunafunga mlango. Hakuna mama anayempigia mtu simu usiku kuuliza yuko na nani. Au yuko, mbali huko, na hajibiwi. Mpeni maji ya baridi.

Kwa mama zetu nina ombi moja zaidi, na dada yangu ananisamehe nikilisema hadharani. Usimpigie simu akiwa njiani. Simu inalia mfukoni, anajua ni wewe, anajua usipojibiwa utapiga tena, na akili yake yote inahamia mfukoni kwenye mwendo wa 120, ambapo kila sekunde ni mita 33. Patana naye kabla hajatoka: nitakupigia nikifika Qurayyat, nitakupigia nikifika Sur. Akuwekee mahali alipo kwenye WhatsApp, inakaa hadi saa 8, ukimtazama basi mtazame kimya kimya. Pakipita nusu saa juu ya mlichopatana, piga kwa yule wa mwisho, si kwa yule wa mbele. Namba yake uwe nayo tangu usiku. Na 9999 ya polisi iwe kichwani, si kwenye karatasi ya friji.

Alkhamisi hii alipopiga tena, sikumjibu dada. Nilimpigia mwanawe kwanza. Nikamuuliza, kesho nani wa mwisho? Akasema, "Mjomba, hilo hatujapanga." Nikamwambia basi mimi nakuja, na wa mwisho ni mimi. Akacheka, akasema pikipiki yangu ni ya wazee. Saa kumi na moja na robo nilikuwa pale kwenye kuegesha, Al Khoud, thermos ya chai mkononi. Walikuja saba. Yeye tulimuweka wa pili.