Pweza Ana Mioyo Mitatu, na Sisi Tunajua Supu Tu

Wasee, supu ya pweza umekunywa mara ngapi? Na unajua nini kumhusu, mbali na zile stori za nguvu za kiume?

Mimi nilikuwa sijui kitu. Juzi nikingoja supu yangu hapa Mombasa, nikaanza kusoma kwa simu. Kumbe ana mioyo mitatu! Miwili inasukuma damu kwa matamvua, mmoja mwili mzima. Na huo mmoja husimama akiogelea, ndio maana anapenda kutambaa. Damu yake ni ya bluu, juu ina shaba badala ya chuma. Seli nyingi za neva ziko kwa mikono, si kichwani.

Iliyonimaliza ni hii: mama pweza akishataga, hali tena. Analinda mayai mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Anazaa mara moja tu maishani.

Sasa ukimvua kabla hajataga, umekula kizazi kizima. Wavuvi wa Kisiwa cha Pate, Lamu, wanalielewa hili. Wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Sisi wa mjini tunauliza bei tu.

Niliacha chuo karo iliponishinda, na watu wanadhani hapo ndipo niliacha kusoma. Zii. Kusoma kumenifikisha mpaka kwa kibanda cha supu.

Siwaambii muache supu. Nasema ukiona pweza mdogo sana sokoni, usimnunue. Mwenye kuuza akiona hatununui, ataacha kumleta.