Twende Ndakaini, Tukauone Mtungi Wetu

Ndugu mwananchi wa Nairobi, asubuhi ya leo umefungua mfereji ukanawa uso. Umewahi kujiuliza maji yale yalilala wapi kabla ya kukufikia?

Huenda yalilala Ndakaini. Bwawa hilo liko Gatanga, kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya Nyandarua, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lilikamilika mwaka 1994, na likijaa hubeba maji mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji ya jiji letu hutoka huko. Huteremka kwa mahandaki na mito hadi mtambo wa Ngethu, husafishwa, ndipo huja kwetu.

Wengi wetu tunalijua bwawa hili kwa habari za shida tu. Mwaka 2017 mvua zilipokosa lilishuka, mgao ukaanza, na jerikeni zikapanga foleni. Je, si vizuri siku moja kwenda kulijulia hali likiwa na afya?

Kwa gari, kupitia Thika, ni mwendo wa karibu saa mbili. Lakini chagueni siku. Machi hadi Mei mvua hunyesha kweli kweli, na barabara za udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai huteleza kama sabuni. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu. Utaenda mbali kutazama ziwa na kurudi umetazama pamba. Januari na Februari anga huwa safi. Hata hivyo sweta ni lazima, jua la Nairobi lisikudanganye. Ondokeni mapema ili giza lisiwakute kwenye zile kona.

Kabla ya kuondoka, ulizeni kama mtaruhusiwa kuingia. Pale ni kazini kwa watu, na mlinzi langoni anatulindia sisi wenyewe. Wewe ungefurahi watu 30 wakibisha hodi kwako bila taarifa? Mwalimu mwenye wanafunzi, mama mwenyekiti wa chama, kiongozi wa vijana kanisani: tangulizeni barua, na kila mtu mzima abebe kitambulisho.

Sasa tumefika. Tukae vipi?

Bibi zetu walikuwa na mtungi wa maji pembeni mwa nyumba, penye kivuli. Mtoto hakutia mkono humo. Aliteka kwa kata, akairudisha kata mahali pake. Sheria hiyo haikuandikwa ukutani, na bado kila mmoja aliijua, hata mgeni. Ndakaini ni mtungi ule ule, ila umekuwa mkubwa hata jicho halimalizi mdomo wake. Basi nani kati yetu ataosha gari ukingoni? Nani ataosha sufuria za pilau humo?

Na kuogelea tusijaribu. Maji ya mlimani ni baridi, na hapo ukingoni kina huja ghafla. Watoto wadogo washikwe mkono, hata wakinuna.

Chakula kibebwe kwenye bakuli zenye vifuniko, chai kwenye themosi. Tangu Juni 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi nchini. Kwa nini tusiende na tabia hiyo hadi bwawani? Nimeona jambo moja katika safari za vikundi: gunia la takataka likitolewa kabla ya chakula, hakuna anayetupa kitu. Likitolewa baadaye, tunaanza kuokota.

Tuwakumbuke wenyeji pia. Wapo ambao mashamba ya wazazi wao sasa yamo chini ya maji tunayoyanywa mjini. Salimia unapopita. Usikanyage chai yao kwa ajili ya picha. Nunua parachichi na ndizi hapo hapo badala ya kuzibeba kutoka mjini. Zao ni tamu zaidi, kusema kweli.

Nawe mwajiri unayepanga matembezi ya wafanyakazi mwisho wa mwaka, ukumbi wa hoteli hautahama. Mwaka huu jaribu mlimani.

Na kiti kimoja kikibaki garini? Yupo mama anayekuja kuwafulia nguo. Siku ya mgao ndiye hupandisha jerikeni ngazini hadi orofa ya nne, na ndiye hujua maji ya kusuuza yatatumika tena wapi. Mwulizeni kama angependa kuliona bwawa. Mwambieni siku mbili mapema, na kwamba abebe sweta.